Mama ana ganzi miguuni na harusi imekaribia: asafishwe miguu vipi?

SWALI: Shikamoo dada muuguzi. Mama yangu ana miaka 61, sukari anayo mwaka wa 14 sasa. Miguu imekufa ganzi, anasema akikanyaga sakafu ni kama amevaa soksi nene, na usiku inamwaka moto. Magaga yamemjaa, na kucha za vidole gumba zimekuwa nene, za njano. Hapa mtaani kwetu Tanga hupita kijana na kikapu cha rangi za kucha. Yeye ndiye aliyekuwa akimkwangua magaga kila mwezi, ila mwezi uliopita alimkata. Mama hakushtuka, tulikuja kuona damu kwenye kanga. Sasa mdogo wangu anaolewa mwezi ujao, na mama anataka miguu ipendeze, apakwe na hina. Nimpeleke saluni kubwa mjini, zile zenye viti vya maji ya mapovu? Au nimkataze kabisa? Nikimkataza atanuna mpaka harusi iishe.

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale: damu mliiona kwenye kanga. Mtu mwenye miguu mizima, wembe ukimgusa huuvuta mguu kabla hajajua kilichomgusa ni nini. Mama yako alikatwa akaendelea na soga zake. Kwa hiyo kabla ya saluni na kabla ya hina, nenda kaliangalie lile jeraha la mwezi uliopita. Mketishe penye mwanga, inua kisigino, bonyeza pembeni taratibu. Kama limefunga na ngozi imerudi, tuendelee. Kama bado lina ukoko, linatoa majimaji, linanuka, au pembeni pamevimba na pana joto kuliko mguu wa pili, acha kusoma hapa, mpeleke hospitali leo. Jeraha la wiki nne ambalo halijafunga kwa mtu mwenye sukari ni kidonda tayari, hata likiwa dogo kama punje ya mchele, hata mwenyewe akisema haliumi. Tena hasa akisema haliumi.

Miaka yote niliyokaa chumba cha vidonda, maneno niliyoyasikia kuliko yote ni hayo: “Dada, wala hauniumi.” Watu huja kwa sababu ya harufu, au kwa sababu mjukuu ameona nzi wanafuata mguu. Maumivu yangewaleta wiki tatu kabla, lakini maumivu yenyewe yalishaondoka.

Niwaeleze kidogo kinachotokea, maana ukikijua hutahitaji kukariri orodha ya marufuku. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu zaidi. Ndiyo maana ganzi hutangulia kwenye vidole vya miguu ikapanda kama soksi, na ikikaribia magoti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza. Mishipa hiyo ikiwa inakufa hupiga kelele yenyewe usiku bila sababu, huku mchana ikishindwa kupeleka habari ya msumari uliochoma. Kwa hiyo mtu mmoja, mguu mmoja, unawaka moto na hausikii. Mama hazushi akisema yote mawili. Kwa ule moto zipo dawa, kama amitriptilini na gabapentini, aziombe kliniki. Zitampa usingizi ila hazirudishi hisia iliyopotea.

Mishipa hiyo hiyo ndiyo inayoamrisha jasho. Ikifa, mguu haulowi tena jasho, ngozi inakauka, kisigino kinapasuka. Basi magaga ya mama yako yana asili yake ndani, na usikubali mtu amwambie ni uchafu au uvivu wa kusugua. Tena mishipa hiyo ndiyo inayoendesha misuli midogo ya unyayo. Misuli ikilegea, vidole hujikunja kama kucha za kuku, uzito wote unaangukia chini ya mizizi ya vidole, na hapo ngozi inajijengea sugu. Sugu watu huiona kama kinga. Kwa mguu wenye ganzi ni kama kokoto ndani ya kiatu: kila hatua inaisaga nyama ya chini yake, na kidonda kinaanzia huko ndani, juu pakiwa bado pagumu na pakavu. Ukiona ndani ya sugu pana doa jeusi au jekundu lililokolea, hiyo ni damu, na hapo saluni haihusiki tena.

Alikuwepo daktari mpasuaji Mwingereza, Paul Brand, aliyefika Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946, akatibu wagonjwa wa ukoma. Wakati ule watu waliamini ukoma unakula vidole. Brand alifuatilia jeraha moja moja akakuta vidole vinaisha kwa sababu mtu anashika sufuria ya moto asisikie, anatembelea mwiba siku nzima asisikie. Vingine viliondoka usiku na asubuhi havionekani, mpaka ilipogundulika kuwa panya ndio waliokuwa wakivitafuna wagonjwa wakiwa usingizini. Wagonjwa wakaanza kupewa paka. Usicheke ukadhani ni mambo ya India ya zamani. Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika mwaka 2005 juu ya wagonjwa wa kisukari hapa hapa Tanzania waliotafunwa miguu na panya wakiwa wamelala. Kwa hiyo chandarua cha mama kichomekwe chini ya godoro pande zote, miguu ioshwe mabaki ya chakula kabla ya kulala, na kama mna paka mvivu, mvumilieni.

Sasa turudi kwenye swali. Kwanza pima ganzi yenyewe, usikisie. Kliniki tunatumia uzi mgumu wa nailoni unaojipinda ukifikia nguvu ya gramu 10, lakini nyumbani kidole chako cha shahada kinatosha. Mwambie mama afumbe macho na aseme “kulia” au “kushoto” kila anaposikia. Mguse kwa wepesi, sekunde moja au mbili, usisukume wala usigonge, kwenye ncha ya kidole gumba na kidole cha mwisho cha mguu wa kulia, kisha vivyo hivyo mguu wa kushoto, halafu kidole cha kati cha kulia na cha kati cha kushoto. Sita kwa jumla. Asiposikia viwili au zaidi kati ya hivyo sita, miguu yake imepoteza kinga. Kwa ulivyonieleza, sitarajii asikie hata vitatu. Ukimaliza weka vidole vyako juu ya mgongo wa mguu utafute mpigo wa damu. Usipoupata usihangaike, wengi huwa hawaupati, ila uliza kliniki wautafute wao, kwa sababu mguu wenye ganzi na damu haba haufai kuguswa na mtu wa saluni hata kwa kijiti cha kusafishia kucha.

Mtu asiyesikia vidole viwili, ana kucha nene, na ameshakatwa mara moja, mimi simpeleki saluni kukwanguliwa. Hapo nimemaliza, na sitabadilisha kwa sababu saluni ni ya vioo na ina kiyoyozi. Kuoshwa, kupakwa mafuta na kupakwa rangi ni jambo jingine, na sioni sababu ya kumnyima. Mama wa harusi naye ni maua ya harusi.

Hivyo viti vya mapovu, viacheni. Mwaka 2000 kaskazini mwa California saluni moja ya kucha ilileta majipu kwa watu 110, majipu ya miguuni yaliyochukua miezi kupona na kuacha makovu. Chanzo kilikuwa kijidudu cha ukoo mmoja na kile cha kifua kikuu, kilichojificha ndani ya mabeseni ya aina hiyo. Nyuma ya vichujio vya maji walikuta nywele na taka za ngozi za wateja. Waliokuwa wamenyoa miguu kwa wembe kabla ya kwenda ndio waliopata zaidi, kwa sababu wembe huacha vijeraha usivyoviona. Mabeseni yale yana mabomba ndani, na hakuna fundi anayeyafungua kati ya mteja na mteja. Beseni la plastiki la sokoni, la kawaida kabisa, ni salama kuliko kiti cha mamilioni, kwa sababu unaliona lote. Na wale samaki wadogo wa kudonoa magaga, ambao siku hizi wamefika miji ya watalii, wasimguse: huwezi kumchemsha samaki kati ya mteja na mteja, na mamlaka ya afya ya Uingereza tangu 2011 ilishasema wenye kisukari wakae mbali nao.

Kwa hiyo kazi ya kusafisha ifanye wewe, nyumbani. Najua unasema hujui. Utajua.

Beseni la mama liwe la mama peke yake. Maji yawe ya uvuguvugu, chini ya joto la mwili, yaani chini ya nyuzi 37, na uyapime kwa kiwiko chako kama unavyopima ya kumwogesha mtoto mchanga. Mama asiyapime yeye, si kwa mguu wala kwa mkono, maana kama ganzi imefika vidoleni atakwambia yako sawa huku yanamuunguza. Nimefunga malengelenge ya watu walioloweka miguu kwenye maji ya moto na chumvi “ili damu itembee”, wote wakiwa na nia njema na wote wakishangaa. Sabuni ya kawaida ya kuogea, dakika tano, basi. Kuloweka nusu saa kunailainisha ngozi mpaka inachanika, na kunaiondolea hata yale mafuta kidogo iliyobakiwa nayo.

Kukausha ndiko watu wengi hukosea. Taulo laini, gusagusa bila kusugua, na kati ya vidole pitisha kitambaa mpaka pakauke kabisa, hasa kati ya kidole cha nne na cha tano ambapo fangasi hupenda kuweka makazi. Akiwa mtu wa swala tano ana bahati, kwa sababu anaosha miguu na kupitisha kidole kati ya vidole mara tano kwa siku. Kinachobaki ni kukausha kila baada ya udhu. Mwekee kitambaa chake hapo kwenye birika.

Magaga na sugu zilizolainika sugua kwa jiwe la miguu, taratibu, upande mmoja, mara chache, halafu acha hata kama bado pako. Utarudi tena baada ya siku mbili. Lengo ni kupunguza kidogo kidogo kwa wiki nne mlizo nazo, siyo kumaliza leo. Wembe usiingie, wala vile visugulio vya chuma vinavyofanana na kikunio cha nazi, wala dawa za kubandika au kupaka za kuondolea sugu, kwa sababu ndani yake mna tindikali isiyojua sugu inaishia wapi na nyama inaanzia wapi. Mtu mwenye hisia zake ataliondoa plasta likimchoma. Mama hatalisikia.

Baada ya hapo mafuta. Vaselini inatosha, mafuta ya nazi yanatosha, na kama mnaweza kununua krimu yenye urea duka la dawa, asilimia 10 kwa miguu yote au 25 kwa visigino vigumu, hiyo ndiyo nzuri zaidi kwa magaga. Paka asubuhi na usiku, juu, chini na kisigino, ila usipake kati ya vidole. Mafuta pale yanatunza unyevu, na unyevu unaita fangasi. Kama kuna mpasuko wa kisigino ambao ukiuchungulia unaona wekundu au damu ndani, huo ni jeraha. Usiusugue wala usijaze kitu, mpeleke akaoneshwe.

Kucha. Zile za kawaida kata moja kwa moja kwa kikatio chake mwenyewe, usichimbe pembeni wala usizungushe kona, kisha lainisha ncha kwa msasa wa kucha. Nyama ya kwenye shina la ukucha iachwe ilivyo, ile ni mlango unaozuia vijidudu, na mafundi wengi huukata kwa sababu picha zinapendeza. Zile nene za njano za kidole gumba usizikate. Huenda ni fangasi, na kikatio kikubwa juu ya ukucha mnene huteleza. Zisugue juu kwa msasa kila wiki mpaka zipungue unene, na siku ya kliniki mwambie muuguzi azikate yeye. Msione haya kuomba hilo. Ni kazi yetu, na ni bora zaidi kuliko kufunga kidonda mwezi ujao.

Ukishamaliza, kagua. Kila siku, siyo siku ya kusafisha tu. Mama ameshafika umri wa kutoona vizuri na pengine hawezi kukunja goti, kwa hiyo weka kioo sakafuni aushike mguu juu yake kwa karibu bila kukikanyaga, au fanya wewe. Pitisha mgongo wa mkono wako miguu yote miwili ukilinganisha joto. Mguu mmoja ukiwa wa moto, mwekundu na umevimba bila jeraha lolote, watu husema ni kuteguka, wanaukanda. Kwa mwenye ganzi inaweza kuwa mifupa ya unyayo inavunjika kimyakimya huku anaitembelea. Asikandwe, asitembee, apelekwe siku hiyo hiyo.

Kama bado mnataka aende saluni kwa heshima ya siku yenyewe, mpeleke siku moja kabla, miguu ikiwa tayari umeshaisafisha wewe wiki zote nne. Kazi ya fundi iwe kuosha, kumpapasa kwa mafuta na kupaka rangi. Beba beseni lenu, taulo lenu, msasa wenu. Mwambie fundi mbele ya mama, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika: “Mama ana sukari na miguu haisikii, tafadhali usitumie wembe, usikate nyama ya kucha, na maji nitapima mimi.” Fundi mzuri atashukuru. Akikujibu kwamba amefanya miaka kumi na hajawahi kumkata mtu, chukua beseni lako.

Mtakuta kisanduku chenye taa ya bluu wanachokiita cha kuua vijidudu. Taa ile inapiga juu tu, haiingii kwenye meno ya kikatio. Kufuta kwa Dettol hakutoshi, na virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa hai juu ya kitu kikavu kwa angalau siku saba. Chuma kinachoingia kwenye ngozi za watu kinatakiwa kioshwe kwa sabuni kisha kipikwe kwa mvuke wa presha wa nyuzi 121 kwa dakika 15, au angalau kichemshwe dakika 20 majini. Saluni ngapi zinafanya hivyo? Ndiyo sababu nimesema mbebe vyenu. Na beseni la watu wote, kama hakuna njia nyingine, lioshwe kwa sabuni kisha likae na Jik, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, dakika 10, lisuuzwe.

Rangi ya kucha sina ugomvi nayo. Apake iliyo nyepesi, ya waridi au isiyo na rangi, na aiondoe harusi ikiisha, kwa sababu ukucha ulioanza kuwa mweusi chini hauonekani ukiwa umepakwa rangi nzito. Jeli ya kukaushwa kwa taa inaleta joto ambalo mwenye hisia hulikwepa kwa kutoa kidole. Yeye hatatoa. Za kubandika kwa gundi, mguuni hapana.

Hina sasa, ambapo najua ndipo moyo wa mama ulipo. Mimi ni mtu wa pwani, siwezi kukwambia mama wa bibi harusi akae miguu mitupu. Hina ya majani, iliyosagwa ikachanganywa na maji, apakwe kwenye kucha na maua juu ya mgongo wa mguu, mahali pasipo na mchubuko. Nyayo ziachwe. Wanawake wa rika lake hupenda kupakwa unyayo wote mpaka pembeni ukawa mwekundu kama kilemba cha jogoo, lakini rangi hiyo hukaa wiki mbili, tatu, na wakati wote huo hutaona wekundu wa jeraha jipya chini yake. Maua mengine yote yahamie mikononi. Wakishampaka, asifungwe miguu ndani ya plastiki usiku kucha, na asisogezewe chetezo ili rangi ikolee. Nimeona mguu uliobabuka kwa makaa ya udi, na mwenye mguu alikuwa anacheka na mashoga zake.

Piko hapana. Piko nyeusi ya siku hizi nyingi ni kanta ya nywele, na dawa iliyomo humo huunguza ngozi ya watu wazima kabisa, wakaamka na maua yaleyale yamegeuka malengelenge. Aliye mzima huhisi mwasho akaosha upesi. Mama atakuja kuliona lengelenge kesho yake, kama mtaangalia. Akitaka weusi, apakwe hina mara mbili.

Viatu vya siku hiyo mnunue jioni, wakati miguu imevimba kidogo kama ilivyo kawaida. Chora unyayo wake kwenye karatasi akiwa amesimama, kata, ingiza karatasi ndani ya kiatu. Ikijikunja pembeni, kiatu hicho ni chembamba, hata kama mama anaapa kimemkaa. Yeye hupima kwa hisia ambazo hana, ndiyo maana wenye ganzi wengi huchagua viatu vinavyobana: vinavyobana ndivyo peke yake wanavyovisikia. Avivae nyumbani saa moja kwa siku, na kila akivivua uangalie kama pamebaki wekundu. Ndala yenye kamba kati ya vidole aiache. Kwenye mikeka atavua kama watu wote, lakini abaki na soksi, na wewe uwe jirani anapotoka nje kwenye mchanga wa saa saba mchana. Kabla ya kuvaa tena, kiatu kipinduliwe kikung'utwe. Nimeshatoa kifuniko cha soda kwenye kiatu kilichovaliwa siku nzima.

Ikitokea amechubuka pamoja na yote hayo, maji safi na sabuni, shashi safi, hospitali siku hiyo au asubuhi yake. Asimwagiwe unga wa kapsuli, wala dawa ya meno, wala majivu. Ukiona weusi, usaha, harufu, wekundu unaopanda, au ana homa, msingoje asubuhi.

Kliniki wamuone miguu kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili kwa ganzi peke yake, kila miezi mitatu hadi sita ikiwa vidole vimejikunja au damu haifiki vizuri, na kila mwezi mmoja hadi mitatu ikiwa amewahi kupata kidonda. Lile jeraha la mwezi uliopita lina maana hapo, kwa hiyo likatajwe. Kama anatumia metformini miaka mingi, waulize pia kuhusu vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo huweza kuishusha mwilini, na upungufu wake nao huleta ganzi, na hiyo inatibika. Wasomaji wengine ambao hawana sukari wasijione wamepona: pombe ya miaka mingi, VVU, ukoma, baadhi ya dawa za saratani, na dawa ya kifua kikuu ya isoniazidi isipoambatana na vitamini B6, zote huleta mguu kama huu, na utunzaji wake ni huu huu.

Kuhusu kununa: usimwambie mama “umekatazwa”. Anza kesho jioni na beseni. Mwanamke aliyewaosha ninyi miaka yote hatakataa kuoshwa miguu na binti yake akipewa na habari za mahari humo humo. Na yule kijana wa kikapu usimfukuze, ana familia. Akipita, mwite, mwoneshe kile kisigino, mweleze. Apake rangi, wembe aache kikapuni.